Mwenye Gari Anatakiwa Jumatatu

Mpendwa Baba,

Unatafutwa. Jumatatu asubuhi mwenye gari anatakiwa kufika ofisi ya kata aeleze kwa nini pikapu yake ilisimama kwenye kona ya vitenge, ikiwa nzima, na kukusanya watu bila kibali. Nilimjibu aliyeniagiza kwamba ujumbe nimeupokea na mwenyewe nitamjulisha. Ndiyo maana ninakuandikia, ingawa ninajua vizuri mahali ulipo: nyuma ya nyumba ya Bibi kule Machame, kati ya migomba, kwenye udongo ambao ulikuwa na baridi hata saa sita mchana siku tulipokulaza. Na ninaiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu hukuwahi kuwa na siri ambayo Kariakoo haikuijua. Ndivyo nilivyoamini hadi wiki hii.

Nianze na gari, maana ungekuwa hapa ndilo ungeliulizia kwanza, kabla ya kuuliza kama nimekula. Bado ni bluu iliyopauka, bado lina spika mbili za pembe juu ya paa, na kiti cha abiria bado kimeshonwa kwa ule uzi wa viatu. Asubuhi lilikuwa likiwaka kwa mguso mmoja, kama mtu aliyeamka zamani anasubiri tu kuitwa. Lakini likishapata moto, likazimwa kidogo, ilikuwa habari nyingine. Stata ilizunguka kwa nguvu zake zote, harufu ya petroli ikajaa hadi ndani, na injini haikushika. Ilibidi tungoje lipoe. Nusu ya utoto wangu niliitumia kungoja lipoe.

Kila Jumamosi ulinichukua nikae kati yako na mlango, nimeshika waya wa kipaza sauti usijikunje. Tulipita Msimbazi, tukaingia Kongo, tukazunguka hadi Gerezani, na wewe ukitangaza misiba, mechi za mtaa, watoto waliopotea, vitambaa vilivyoshushwa bei. Mwishoni tulifika kona ya vitenge, pale ambapo wasukuma mikokoteni hupumzika na mama ntilie hupanga masufuria yao, na hapo ulizima gari. Ulisema unaipumzisha injini. Ulipopiga tena stata, gari likagoma. Ukashuka taratibu, ukainua boneti, ukaliegemeza kwa ile fimbo ya mpera, ukarudi ukachukua kipaza sauti na kuwaambia watu, "Ndugu zangu, gari limegoma, lakini mdomo unafanya kazi."

Wakacheka. Walikuwa wakicheka kila mara, kana kwamba hawajawahi kukusikia ukisema hivyo. Kisha ukaanza matangazo ya vitu vilivyopotea, yale ambayo hakuna aliyekuagiza uyatangaze. Ninalikumbuka moja neno kwa neno: "Amepotea mtu mzima. Mara ya mwisho alionekana akichimba shimo mbele ya maduka haya, akaliacha wazi. Hana ugonjwa wa akili. Atakayemwona amwambie shimo lake linamsubiri." Na lile la choo, ambalo ulilirudia hadi akina mama wakawa wanalisema pamoja nawe: "Umepotea ufunguo wa choo cha akina mama cha kona hii. Haujaibwa. Umehifadhiwa mahali pazuri mno. Aliyeuhifadhi anaombwa akumbuke kwamba hata yeye alizaliwa na mwanamke."

Mgambo walifika, kwa kuwa walikuwa wanafika kila mara. Wakaangalia boneti iliyoinuliwa, wakaangalia mikono yako iliyopakaa grisi, wakauliza kuna nini. Ukawajibu kwa upole kwamba gari limegoma, afande, linapata moto, likipoa tunaondoka. Mmoja wao alikuwa akikushauri ununue betri mpya. Ulimshukuru kwa ushauri wake kila alipoutoa.

Baba, wenzangu chuoni huniuliza nilijifunzia wapi kusimama mbele ya watu nikasema bila karatasi. Wanadhani nimesoma vitabu vya balagha. Nilijifunzia ndani ya gari bovu. Nilijifunza kwako kwamba watu waliosimama juani hawataki hotuba ndefu, wanataka jina la kitu kinachowauma. Nilijifunza kushika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo. Siku ya kwanza uliponipa, nilipiga kelele hadi spika zikalia kama filimbi, ukanishusha mkono ukasema, "Usipige kelele, Aika. Kelele inapigwa na spika. Wewe sema tu."

Halafu nikafika chuo kikuu, nikasema. Mabweni yetu yalikosa maji, wasichana wakibeba ndoo hadi ghorofa ya juu kabisa, na kila tulipouliza tuliambiwa tuwe na subira, kana kwamba subira inaweza kuogewa. Nikasimama mbele ya wenzangu, tukatembea hadi kwenye jengo la utawala. Jioni ile ulinipigia simu. Nilitegemea uniambie umesikia na unajivunia. Ukasema, "Mwanangu, usisimame mbele. Simama katikati. Wa mbele wanaonekana." Nikakujibu kwamba lazima awepo wa mbele, la sivyo hao wa katikati wako katikati ya nini? Kisha ukaniuliza kama nimekula.

Ubishi ule hatukuumaliza. Uliondoka ghafla, asubuhi, ukiwa unafunga kamba ya kiatu, na mimi nikabaki na jibu langu zuri lisilo na mtu wa kulipokea.

Baada ya msiba Mama alimwajiri dereva mmoja, Shabani, mtu mwema asiyependa kusema. Alirekodi sauti kwenye flashi, akaiacha iimbe yenyewe. Haukupita muda gari likamgomea Msimbazi, pembeni kabisa ya njia ya mwendokasi, mbele ya nyumba yenye msiba. Gari lilikataa kuwaka, na tangazo la magodoro likakataa kuzimika, kwa sababu kitufe kilikuwa kimeng'oka. Waombolezaji walisikiliza sifa za magodoro hadi shehe mwenyewe akatoka nje kuuliza kama kuna mwenye haja ya kulala. Kariakoo yote ilicheka. Wateja waliacha kupiga simu, Shabani akaaga, na Mama akatafuta mnunuzi kule Gerezani, mmoja wa wale wanaokata magari na kuuza viungo vyake kimoja kimoja.

Nilirudi nyumbani likizo nikakuta ameshakubaliana naye aje Ijumaa. Nilimwuliza anawezaje kuukatisha mdomo wako vipande. Hakukasirika. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Baba yako alikuwa na maneno ya kungojea gari lipoe," alisema. "Mimi sina. Mimi nina tumbo na kodi ya nyumba." Nikamwomba aniachie hadi hiyo Ijumaa niutafute ugonjwa. Akaniambia wanaume wa mji huu wameutafuta tangu nikiwa darasa la kwanza. Nikamwambia labda ndiyo sababu hawajauona.

Nilizunguka Gerezani duka kwa duka. Muuza betri akaniambia ni betri. Muuza stata, bila hata kuinuka kwenye kiti, akaniambia ni stata. Aliyekuwa na pampu za mafuta zilizopangwa hadi dari aliapa kwa watoto wake kwamba ni pampu. Kila mmoja aliuona ugonjwa uliokuwa kwenye rafu yake. Nilitamani kusimama juu ya kreti la soda niwaambie kwamba hivi ndivyo tunavyotibiwa sote katika mji huu, tunapewa kilichopo dukani na si kinachokosekana mwilini. Lakini nilikuwa na kazi, nikaenda kwa rafiki yako Fundi Nassoro nyuma ya reli.

Unamjua Nassoro. Mtu wa Lindi, mrefu, anaongea kuliko mashine zake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama mheshimiwa amekuja kutengeneza gari au kuandamana. Nikamjibu nimekuja kwa yote mawili. Akawaita mafundi wenzake waje wamwone binti wa Mzee wa Matangazo, akawaambia wafiche spana zao, maana huyu akiziona zimechoka atazifungulia chama. Walicheka sana. Nami nilicheka, Baba. Nilikuwa sijacheka tangu Machame.

Tukaanza. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, sijui injini, lakini ninajua kumhoji shahidi anayebadilisha maneno. Asubuhi gari linawaka, mchana haliwaki. Kimebadilika nini? Nassoro alisema ni joto. Je, stata inachoka kwa joto? Tulilizungusha hadi Magogoni na kurudi, tukalizima, tukapiga stata, ikazunguka kwa nguvu. Basi betri na stata vikaachiwa huru. Je, pampu inanyamaza? Tuliinamia tundu la tangi tukaisikia ikinguruma. Je, cheche zimepotea? Zilikuwepo, za bluu, kavu. Nikamwomba atoe plagi moja. Ikatoka imelowa petroli kama imechovywa.

Hapo nilielewa jambo ambalo lingekufurahisha. Tulikuwa tumeihurumia injini ile miaka yote tukidhani ina njaa, kumbe imevimbiwa. Ilikuwa inamiminiwa petroli hadi inazama. Nikauliza nani anaipimia chakula. Nassoro akasema ni kompyuta ile ndogo chini ya dashibodi. Na kompyuta inaamini maneno ya nani? Akanionyesha kidude kilichojikita ubavuni mwa injini, kidogo kuliko kidole gumba, akasema ni sensa ya joto. Kazi yake ni kuiambia kompyuta injini ina baridi au ina moto. Ikiwa baridi, petroli iongezwe. Ikiwa moto, ipunguzwe.

Nikamwomba mita. Tuliipima sensa injini ikiwa ya moto kiasi kwamba mtu hawezi kuigusa. Tukaingoja ipoe, tukaipima tena. Namba ilikuwa ileile. Kidude kile hakikujua tofauti. Jua la Kariakoo lingeweza kuyeyusha lami, na chenyewe bado kingeiambia kompyuta kwamba ni alfajiri, kuna baridi, ongeza petroli. Kama vile gari halikuwahi kuambiwa kwamba Kariakoo si Machame. Ikabidi kila lizimwapo likiwa la moto lingoje mpaka uongo ule ukaribiane tena na ukweli.

Niligeuka ili nifurahi pamoja na Fundi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Nikamwuliza kama nimekosea. Akatikisa kichwa.

"Hujakosea. Mzee alikuwa anaijua hiyo sensa kuliko mimi."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Nilimwambia zamani, ulikuwa hata hujavunja ungo. Nikamwambia Mzee, kidude hiki tunakibadilisha sasa hivi, unakunywa kahawa hapo gari limepona. Akanishika mkono. Akaniambia, Nassoro, hiki usikiguse. Hiki ndicho kibali changu."

Akanieleza taratibu, kama anayeteremsha mzigo wa mtu mwingine. Gari la matangazo lina ruhusa ya kupita, halina ruhusa ya kusimama na kusema na watu. Ukisimama kwa makusudi ni mkutano, na mkutano una kibali chake ambacho mtu kama wewe hakipati. Lakini gari bovu litapelekwa wapi? Nani atamkamata mtu kwa kuharibikiwa? Kwa hiyo ulizima injini ikiwa ya moto, kwenye kona uliyoichagua, ukijua haitawaka, ukapewa muda wote ambao petroli inahitaji kukauka. Nassoro alikula kiapo asiseme. Mafundi wengine waliokuja na betri zao na stata zao uliwaacha wabadilishe, gari likabaki vilevile.

Baba, nilikaa kwenye tairi bovu pale chini.

Nikuambie nilichohisi, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kutaja kitu kwa jina lake. Nilihisi hasira. Uliniambia nisisimame mbele, na wewe ulikuwa umesimama mbele kila Jumamosi, umejikinga kwa boneti! Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa hapo. Nilikuwa nimeshika waya. Ungeninong'oneza mara moja tu, siku ile ya simu, badala ya kuniuliza kama nimekula: Aika, nami nasimama, ila ninasimama hivi. Nisingekuona mdogo. Ningejua kwamba moto huu ninaouwasha chuoni nimeutoa nyumbani. Na bado nilivyokaa pale nilikuwa nakuona upya, mikono imepakaa grisi ya kujipaka, ukimshukuru mgambo kwa ushauri wa betri, na sikujua kama mtu yule ni jasiri kuliko wote niliowahi kuwajua au ni mwoga mwenye akili nyingi. Sijajua hadi leo. Ninaandika labda mkono utajua kabla yangu.

Mama alitukuta hapohapo. Alikuwa amekuja kuhakikisha gari halijafunguliwa vipande kabla ya mnunuzi kufika. Nassoro alimwambia yote, kwa kuwa kiapo kilishavunjika. Mama alisikiliza amekumbatia mkoba. Kisha akasema, "Kwa hiyo wali wangu ulikuwa unapoa miaka yote hiyo kwa ajili ya choo." Tukacheka, naye akacheka, halafu akajifunika uso kwa ncha ya kanga, na mabega yake hayakuwa yanacheka tena.

Nilisema gari libaki lilivyo. Nilisema tutalitumia kama ulivyolitumia. Mama akauliza nani atakayengojea lipoe mimi nikirudi chuoni, na kwa maneno ya nani. Akamgeukia Fundi akasema, "Iweke mpya."

Nassoro alikuwa na sensa nzima, ameitoa kwenye injini ya gari lililogongwa. Kabla hajaifunga alinitazama mimi, si Mama. "Mheshimiwa, elewa," alisema. "Nikishaiweka hii, siku ukisimama utakuwa umesimama kweli."

Nikamwambia aifunge.

Tulilizungusha tena hadi Magogoni na kurudi. Tukalizima likiwa la moto. Mama alitaka kuwasha mwenyewe. Likashika papo hapo, Baba, kabla hajamaliza kukunja kiganja, na mafundi wote wa nyuma ya reli wakapiga makofi. Mnunuzi alipofika alikuta Mama ameketi kwenye usukani, injini inanguruma. Aliambiwa gari limeghairi.

Jumamosi tulikuwa na kazi, duka moja la vitenge lililokuwa limepokea mzigo mpya. Niliendesha mimi, Mama akakaa palepale nilipokuwa nakaa, ameshika waya. Tulipita njia zako zote. Wachuuzi walipoziona spika walisimama, wakatutazama, na mzee mmoja anayeuza kofia akavua yake. Nilitangaza vitenge kwa heshima zote. Kisha tukafika kwenye kona.

Kufuli la choo bado lipo. Limeshika kutu ya rangi ya chai. Mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa anavuka barabara kwenda kuomba choo kwenye nyumba ya wageni, kama walivyokuwa wakivuka ulipokuwa hai, na kijana wa mapokezi alikuwa mlangoni anatikisa kichwa. Mama aliyaona niliyoyaona. Nikalizima gari.

Ningeweza kusema kwamba nilifikiri kwanza. Sikufikiri. Nilishika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo, nikawasalimu, wakaitikia, nikasikia sauti yangu ikitoka juu ya paa ikiwa tulivu kuliko nilivyokuwa. "Baba yangu aliwatangazia kwenye kona hii kwamba umepotea ufunguo," nilisema. "Alikuwa anawatania. Ufunguo haukupotea. Uko ofisi ya kata, na ofisi tunaijua, na mlango wake uko wazi siku zote za kazi. Jumatatu ninakwenda kuuomba. Anayeutaka twende wote."

Hakuna aliyecheka. Mama ntilie waliacha miko kwenye masufuria. Ndipo nikagundua tofauti kati yako na mimi: wewe walikusogelea wakicheka, mimi walinisogelea wamenyamaza, na kimya kile kinatisha kuliko king'ora.

Afande Mkude akapenya katikati yao. Ni yuleyule wa betri, sasa ana mvi. Alinisalimu vizuri, akanipa pole ya msiba, kwa kuwa hatukuwa tumeonana tangu wakati huo. Aliangalia boneti. Lilikuwa limefungwa. Akaliangalia tena, kama anayeniomba niliangalie nami.

"Limegoma kama enzi za Mzee, siyo?" aliuliza.

Baba, alikuwa ananipa mlango. Aliniwekea neno mdomoni, ikabaki mimi kulitamka tu. Na hapo ndipo nilipojua kwamba huenda naye alijua miaka yote, na kwamba betri ile aliyokuwa anakushauri ununue ilikuwa namna yake ya kukulinda. Neno moja, na mimi na Mama tungekuwa njiani kurudi nyumbani. Neno moja, na gari lingebaki salama, na chakula cha Mama kingebaki salama, na mimi ningebaki salama hadi nimalize chuo, kama ulivyotaka.

"Hapana, Afande," nilisema. "Ni zima. Nimelizima mwenyewe."

Akamgeukia Mama, mtu mzima mwenzake. Nadhani alitegemea Mama aseme mtoto anatania. Mama alinyoosha mkono mbele yangu, akazungusha ufunguo, na gari, likiwa la moto kama kaa, likawaka mara moja mbele ya mtaa mzima. Afande alifumba macho kidogo. Kisha akafanya kazi yake. Aliuliza mwenye gari ni nani, kwa maana kadi bado ina jina lako. Nikamwambia mwenye gari hayupo. Akasema basi atakapopatikana afike ofisini Jumatatu, na gari lije pamoja naye.

Njiani Mama alikunja waya wa kipaza sauti hadi tulipopita Gerezani. Kisha akasema, "Baba yako angesema limegoma." Nikamjibu ninajua. Nikamwuliza kwa nini basi aliwasha. Aliangalia dirishani. "Nimeishi na gari bovu miaka yote. Nilitaka mtu aone limepona."

Sasa ni Jumapili, tumetoka kanisani, na Mama yuko nje analiosha. Ameosha hadi spika. Amesugua magurudumu kwa mswaki. Sijui analiosha kama mtu anayekwenda kulikabidhi au kama mtu anayekwenda kuliendesha, na ninaogopa kumwuliza. Wakilichukua, nitakuwa nimemnyang'anya mdomo wako mtu pekee uliyemwacha akiutegemea, na hakuna hotuba itakayojaza sufuria lake. Ninalijua hilo. Nimelala nalo. Wapo watakaosoma hapa wakaniita shujaa, na wapo watakaoniita mtoto asiye na adabu, na wote hawatakuwepo kwenye meza ya Mama siku chungu kitakapokuwa kitupu. Nilidhani ukisimama kwa kweli unahisi mwepesi. Mikono yangu inatetemeka, Baba. Yako ilikuwa inatetemeka? Ndiyo maana uliipaka grisi?

Fundi Nassoro alipita asubuhi. Ameniletea sensa yako ya zamani, imefungwa kwenye gazeti. Amesema bado kuna wakati: anaweza kuirudisha leo, na kesho atakuja aape mbele yao kwamba gari ni gonjwa, kwamba likiwa la moto haliaminiki, kwamba msichana alisema vile kwa aibu tu. Anatupenda, na anasema hivyo kwa kuwa anatupenda. Ipo hapa mezani, karibu na mkono ninaoandikia. Ni nyepesi mno kwa kitu kilichokubeba muda wote huo.

Sitairudisha. Sikuhukumu kwa kuitumia. Ilikupa kona, na kona ikanipa mimi sauti. Lakini akina mama wameshaambiwa ufunguo haukupotea, na siwezi kuwatangazia kesho kwamba nilikosea. Desemba tutakapokuja nyumbani nitakuletea kidude chako nikifukie kando ya msalaba, kwenye udongo ule wenye baridi. Kwa miaka yote kiliiambia injini kwamba iko mahali penye baridi. Huko hatimaye kitakuwa kinasema kweli.

Kesho wakiita jina lako, nitasimama mimi. Ulale salama, Baba. Na ndiyo, nimekula.

Binti yako,
mwenye gari